Duka la piza linafungwa na wateja wamejaa: mkasa wa mitaa ya New York

Februari 2023 duka la piza la Lenny's lilizima oveni zake kwa mara ya mwisho. Lilikuwa barabara ya 86th Street, mtaa wa Bensonhurst, Brooklyn, chini ya reli ya juu inayofunika barabara hiyo kama dari. Lilifunguliwa mwaka 1953. Watu wengi duniani wameliona bila kujua jina lake: mwanzoni mwa filamu ya Saturday Night Fever, ya mwaka 1977, John Travolta anasimama kwenye dirisha la duka hilo, ananunua vipande viwili, anavipandanisha kimoja juu ya kingine, anavila huku akitembea.

Duka la namna hiyo likifungwa New York, maelezo huwa yako tayari: pango limepanda, mtaa umebadilika, wenyeji wa zamani wamehama. Kwa Lenny's sababu iliyotolewa ilikuwa rahisi zaidi. Mwenye duka alikuwa amefikia umri wa kustaafu, akaamua kupumzika. Wateja hawakumkimbia. Mpaka siku za mwisho watu walipanga foleni.

Hapo ndipo jambo hili linapotatanisha. Tumezoea kuamini kwamba biashara hufa kwa kukosa wateja. Kwamba ukipika vizuri, ukauza kwa bei ya haki na kukaa vizuri na majirani, duka litaishi. Maduka ya piza ya New York yanaonyesha vingine. Mengi hufungwa yakiwa na foleni mlangoni, kwa sababu uhai wao haumo mikononi mwa mteja. Umo kwenye mkataba wa pango, kwenye hati ya jengo, na kwenye familia ya anayekanda unga. Nadhani mtu yeyote anayeupenda mtaa wake anafaa kuyajua mambo haya kabla duka lake halijabandika tangazo mlangoni.

Tuanze na piza yenyewe, maana bila kuielewa hesabu za pango hazieleweki. Kwa simulizi iliyozoeleka, Gennaro Lombardi alianza kuuza piza Spring Street, Manhattan, mwaka 1905, na ilichomwa kwenye tanuri kubwa la makaa ya mawe. Tanuri la aina hiyo hujengwa kwa matofali ndani ya jengo, halihamishiki, na linahitaji fundi anayejua tabia yake. Kwa miaka mingi piza ikabaki chakula cha kukaa mezani, nzima nzima, katika mitaa ya Wataliano. Mambo yalibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, pale oveni za gesi zenye sakafu bapa zilipoanza kutengenezwa hapo hapo New York. Ira Nevin, mwanzilishi wa kampuni ya Bakers Pride, ni mmoja wa waliozisambaza. Oveni hiyo ni sanduku refu la chuma lenye mlango mpana na mfupi. Inapita mlangoni, inaunganishwa na bomba la gesi, na kijana mgeni anaweza kufundishwa kuitumia ndani ya wiki chache. Juu ya yote, inaweza kupasha moto kipande kimoja kwa dakika mbili, jibini ikachemka upya na chini kukawa kikavu chenye kuvunjika.

Hiki kipande kimoja ndicho kilichoifanya piza kuwa chakula cha mji mzima. Anayetoka kazini, mwanafunzi, dereva wa teksi, mama mwenye watoto wawili, wote walikula kitu kile kile kwa bei ile ile, wamesimama. Duka halikuhitaji ukumbi. Fremu nyembamba, yaani chumba kimoja cha duka, ilitosha, ikiwa na kaunta, oveni mbili na dirisha la barabarani. Wataliano walioingia Marekani miaka ya 1950 na 1960 walifungua maduka haya kwa mamia, kila kona.

Bei ya kipande ikawa karibu mali ya umma. Mwaka 1980 mkazi mmoja wa New York, Eric Bram, aliandika katika gazeti la New York Times kwamba kwa miaka mingi bei ya kipande cha piza ilikuwa imekwenda sambamba na nauli ya treni ya chini ya ardhi. Nauli wakati huo ilikuwa senti 60. Uwiano huo ulidumu kwa miongo, ingawa siku hizi kipande kimeitangulia nauli katika maduka mengi. Nauli ilipofika dola 2.90 mwaka 2023, vipande vingi vilikuwa vimeshapita dola 3. Wachumi wamelijadili jambo hilo kama kichekesho cha mji. Mimi naliona kama mzigo: mwenye duka la piza anauza bidhaa ambayo mji mzima umekubaliana isipande bei haraka, ndani ya jengo ambalo hakuna aliyekubaliana na yeyote kuhusu pango lake.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pango ni dola 15,000 kwa mwezi, na kipande ni dola 3.50. Pango la siku moja ni dola 500. Hiyo ni vipande 143, yaani karibu piza 18 nzima za vipande vinane vinane, kabla ya kulipia unga, jibini, nyanya, gesi, umeme, bima na mishahara. Mkataba ukiisha na mwenye jengo akataka dola 25,000, idadi inapanda hadi vipande 238 kwa siku, karibu piza 30. Oveni ni zile zile, kaunta ni ile ile, na saa ya chakula cha mchana haijaongezwa dakika. Duka limejaa, na bado halijikimu.

Hapa tunaufikia mkataba wenyewe. New York ina sheria maarufu za kudhibiti pango la nyumba za kuishi. Fleti karibu milioni moja zina pango ambalo ongezeko lake hupangwa na bodi ya jiji. Wageni wengi hudhani ulinzi huo unafika hadi dukani. Haufiki. Jengo moja linaweza kuwa na bibi wa ghorofa ya tatu ambaye pango lake haliwezi kupandishwa kiholela, na chini yake muuza piza ambaye mwenye jengo anaweza kumtajia bei yoyote siku mkataba unapoisha.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1945, wakati wa uhaba wa nafasi uliotokana na vita, jimbo la New York lilipitisha sheria ya kudhibiti pango la majengo ya biashara. Ilidumu hadi mwisho wa mwaka 1963, ikaachwa ikaisha. Tangu miaka ya 1980 wanaharakati wa maduka madogo wamekuwa wakipeleka muswada mbele ya baraza la jiji. Unampa mpangaji mwaminifu haki ya kuongezewa mkataba wa miaka 10, na pande mbili zikishindwa kuelewana kuhusu pango, msuluhishi huru anaamua. Mwaka 2018 ulisikilizwa hadharani mbele ya kamati, ukumbi ukafurika. Haukupigiwa kura.

Wanaoupinga wana hoja, na ni haki isikilizwe. Wanasema ulinzi wa mpangaji wa leo ni kufuli kwa mpangaji wa kesho: kijana mhamiaji mwenye ndoto ya duka lake hatapata fremu, maana waliomo hawatoki. Wanasema pia kwamba mwenye jengo hupandishiwa kodi na jiji lenyewe. Hoja ya kwanza inanigusa, kwa sababu waanzilishi wa maduka haya walikuwa wahamiaji walioingia kwenye fremu zilizoachwa na wengine. Lakini pango linapopanda mara mbili, kijana yule siye anayeingia. Anayeingia mara nyingi ni benki, duka la dawa la kampuni kubwa, au kampuni ya vyakula yenye matawi mengi na mtaji wa kuvumilia hasara miaka mitatu.

Hoja ya kodi ndiyo watu wengi hawaijui vizuri. Mikataba mingi ya fremu New York ina kifungu kinachosema kwamba mpangaji atalipa sehemu yake ya ongezeko lolote la kodi ya majengo kuanzia mwaka wa kwanza wa mkataba. Jiji hukadiria thamani ya jengo la biashara kwa kuangalia mapato ambayo jengo hilo linaweza kuleta. Mtaa ukianza kupendwa, makadirio yanapanda, kodi inapanda, na bili inateremshwa mpaka kwa muuza piza. Hakuna aliyeligusa pango lililoandikwa. Karatasi bado inasema kiasi kile kile. Lakini mwisho wa mwaka inakuja bili nyingine pembeni. Kwa hiyo mtaa ukipendeza, aliyeufanya upendeze analipia kupendeza kwake, hata kabla mkataba haujaisha. Na kusini mwa barabara ya 96th Street huko Manhattan, mpangaji wa biashara anayelipa pango la dola 250,000 au zaidi kwa mwaka anaweza kutozwa na jiji kodi nyingine juu ya pango lenyewe. Kodi hiyo ilianza mwaka 1963, mwaka ule ule ulinzi wa pango la biashara ulipokufa.

Kuna swali ambalo wakazi huuliza kwa uchungu kila mara: kama lengo ni pesa, mbona fremu inabaki tupu miaka miwili baada ya duka kuondoka? Si bora angebaki yule yule kwa pango la zamani? Jibu liko benki. Jengo la biashara hukopewa kwa thamani inayotokana na mikataba yake. Mwenye jengo akimpa mpangaji mkataba wa miaka 10 kwa pango la chini, ameiandika thamani ya chini kwenye karatasi kwa miaka 10, na aliyemkopesha anaweza kumkatalia. Fremu tupu, kwa hesabu za mkopo, bado inaweza kuandikiwa pango linalotarajiwa. Ndiyo maana mwaka 2019 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kuwataka wenye majengo waorodheshe fremu zao za barabarani na kueleza kama zina mpangaji au hazina. Kuorodhesha hakumlazimishi mtu kupangisha, lakini angalau tatizo limeanza kuonekana kwa macho.

Wasomaji wa Kenya watashangaa kidogo hapa, kwa sababu kwao muuza chakula mdogo ana silaha ambayo mwenzake wa New York hana. Tangu mwaka 1965 Kenya ina sheria, Sura ya 301, inayowalinda wapangaji wa maduka, hoteli na migahawa. Kama mkataba haujaandikwa, au umeandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, mwenye jengo hawezi kukutoa wala kukupandishia pango kwa neno tu. Anatakiwa kutoa notisi ya si chini ya miezi miwili, iliyo na sababu zinazotambuliwa na sheria, na mpangaji anaweza kuipinga mbele ya baraza maalumu la pango la biashara. Ulinzi huo una mwanya mkubwa: mikataba ya miaka mitano na miezi mitatu imekuwa desturi Nairobi, kwa lengo hasa la kuikwepa sheria. Hata hivyo kuna mahali pa kwenda kulalamika, na notisi inapingika. Ufaransa nako mpangaji wa biashara hupewa mkataba wa miaka tisa, na mwenye jengo akikataa kuuhuisha bila sababu ya kisheria, humlipa fidia. Kwa hiyo kuondoka kwa duka la mtaa si hali ya hewa. Ni matokeo ya sheria iliyopo au isiyokuwepo.

Duka la piza pia lina jambo lake la pekee: linaweza kugawanyika vipande hata bila kufa. Mwaka 1990 Patsy Grimaldi alifungua duka lenye tanuri la makaa Old Fulton Street, chini ya daraja la Brooklyn. Mwaka 1998 aliliuza, pamoja na jina lake la ukoo, akastaafu. Mnunuzi akaendelea kupanga jengo lile, umaarufu ukaongezeka, na eneo hilo la bandarini lililokuwa la maghala likawa la wenye fedha na watalii. Kisha mnunuzi na mwenye jengo wakavutana kuhusu mkataba. Mwaka 2011 Grimaldi's ikahamia jengo la jirani, ikaondoka na jina. Tanuri likabaki, maana tanuri la matofali ni la jengo. Na mwaka 2012 mzee Grimaldi mwenyewe, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80, akarudi kwenye chumba kile kile na tanuri lile lile, akafungua Juliana's, jina la mama yake. Jina lake likawa mlango wa pili, mikono yake mlango wa kwanza. Lipi ndilo duka la zamani? Wenyeji walibishana, na sidhani kama kuna jibu moja. Ila mkasa huo unaonyesha kwamba tunaposema “duka lile” tunazungumzia vitu vitatu vyenye wenyewe watatu: jina, jiko na mahali.

Na kumiliki jengo, dawa ambayo kila mfanyabiashara mdogo huishauri, hakutoshi pia. Ray's ya 27 Prince Street ilifunguliwa na Ralph Cuomo mwaka 1959, na jina lake likaigwa mji mzima: Famous Ray's, Original Ray's, mpaka mgeni hakujua ya kweli ni ipi. Cuomo alifariki mwaka 2008. Baada yake ukaja mzozo wa warithi kuhusu jengo na mkataba wa pango, na mwishoni mwa Oktoba 2011 duka likafungwa. Thamani ya ardhi ya eneo hilo ilikuwa imepanda kiasi kwamba kila mrithi alikuwa na sababu ya kutaka fungu lake. Na wenyeji nao walikuwa wamehama: mwaka 1950 karibu nusu ya wakazi zaidi ya 10,000 wa Little Italy, mtaa wa Wataliano wa eneo hilo, walikuwa wa asili ya Kitaliano, na karibu mmoja kati ya watano alizaliwa Italia. Makadirio ya sensa ya mwaka 2009 hayakumkuta hata mkazi mmoja wa eneo hilo aliyezaliwa Italia.

Mwaka 2012 anwani hiyo hiyo ilipata duka jingine la piza, Prince Street Pizza, linalosifika kwa kipande cha mraba chenye pepperoni, vipande vyembamba vya soseji, zilizojikunja kama vikombe vidogo. Foleni yake huzunguka kona. Piza haikuondoka Prince Street, na chakula ni kizuri. Kilichobadilika ni nani anakula pale na mara ngapi: kipande cha kupigiwa picha na mgeni mara moja kwa safari si kipande cha kila Ijumaa cha fundi viatu wa jirani.

Tukirudi kwa Lenny's, tunakutana na sababu isiyo na wa kulaumiwa. Kazi ya piza huanza asubuhi kwa kukanda unga na kumalizika usiku kwa kusugua oveni, siku sita au saba kwa wiki, kwa mgongo na mikono. Wazazi wengi waliifanya ili watoto wao wasiifanye. Watoto wakasoma, wakawa wahasibu na walimu, wakahamia Staten Island au New Jersey. Hayo ni mafanikio ya familia, hata kama kwa mtaa ni pengo. Bensonhurst yenyewe sasa ina Wachina wengi, na maduka ya 86th Street yanauza mboga na samaki wanavyovitaka. Maeneo mengine piza ilipata warithi wasio wa damu: Waalbania kutoka Kosovo na Montenegro walinunua maduka mengi ya Bronx wakiwa wameanza kama wasaidizi wa jikoni, na nyuma ya kaunta nyingi leo anayezungusha unga ni Mmeksiko au Mwekwado. Wangapi kati yao wangeweza kuwa wamiliki, kama mkataba wa pango ungebaki na miaka ya kutosha kwa benki kuwakopesha? Mzee anayestaafu akiwa na mkataba wa mwaka mmoja uliobaki hana anachoweza kumuuzia msaidizi wake. Akiwa na miaka 10, anauza duka lililo hai. Kwa hiyo hata kustaafu, jambo la kawaida kabisa la mwili wa binadamu, kunaishia kwenye karatasi ile ile.

San Francisco ilijaribu njia yake. Mwaka 2015 jiji hilo lilianzisha rejesta ya biashara za urithi, kwa waliofanya kazi miaka 30 au zaidi, na wapiga kura wakaidhinisha mfuko wa kuzisaidia. Mwenye biashara alilipwa hadi dola 500 kwa kila mfanyakazi kwa mwaka, na mwenye jengo alilipwa hadi dola 4.50 kwa futi ya mraba endapo atampa mpangaji huyo mkataba wa miaka 10 au zaidi. Kifungu hicho cha pili ndicho ninachokipenda, kwa sababu kinamlipa mwenye jengo kwa kitu kile hasa kinachokosekana: muda. Udhaifu wake ni kwamba ni hiari. Mwenye jengo anayetarajia mpangaji wa kulipa mara mbili hatashawishika na dola 4.50, na ndiye hasa ambaye sheria ya hiari ilihitaji kumfikia.